Bukta Ndefu za Msimu Mpya

Ukitaka kujua timu ya chuo itafika wapi mwaka huu, usimuulize kocha. Kocha analipwa ili ajibu vizuri. Muulize fundi cherehani wa kibanda cha pili kutoka lango la chuo, yule mama ambaye mtaa mzima unamwita Kipaza kwa sababu ya koo lake. Ndiye anayeshona jezi za timu ya wasichana ya mpira wa kikapu, na siku ya mechi huziacha nguo za watu bila vifungo akaenda zake kupiga kelele.

"Kipaza, msimu huu vipi?" wateja walimuuliza.

"Hali mbaya," alijibu, pini zikiwa mdomoni. "Warefu wetu wamehitimu. Hawa wapya wana moyo, lakini mpira ukija wanaukwepa utadhani wamerushiwa jiwe. Wenzetu nao wamesajili binti akisimama mlangoni chumba kinaingia giza. Tumebaki na Springi tu."

Springi alikuwa mtoto wa marehemu dada yake. Kipaza alimlea tangu hajaota meno, akamwona anajifunza kutambaa, kutembea, na hatimaye kuruka mpaka watu wakamsahau jina. Katika fainali ya msimu uliopita aliruka vizuri akatua vibaya, kwa goti la kushoto. Daktari akamwambia apumzike, naye akapumzika kwa namna ya vijana, yaani akaacha kusema kwamba linauma.

Wateja walidhani hofu ya Kipaza ni ya timu. Laiti ingekuwa hiyo.

Wachezaji walipokuja kupimwa bukta mpya, Springi aliingia wa mwisho. Kipaza akazungusha futi kwenye paja la kulia, akaandika. Akazungusha kwenye la kushoto, asiandike. Akapima tena. Nyama ya paja ilikuwa imekwisha, na goti chini yake limevimba.

"Futi yako imechakaa, Mama mdogo," binti alisema harakaharaka.

"Futi yangu haijawahi kunidanganya. Wewe je?"

Springi akakaa kwenye stuli. "Kocha akijua ataniweka benchi msimu mzima, na huu ndio mwaka wangu wa mwisho. Halafu bila mimi si mtafungwa na kila anayepita? Wewe mwenyewe unajua."

Alijua, na hapo ndipo alipoponzwa. Angekuwa mama mdogo tu, angemshika mkono papo hapo wakaenda kwa kocha. Lakini alikuwa pia shabiki, na shabiki, tusidanganyane, ni mtu aliyeikopesha timu akili yake na hajui atarudishiwa lini. Akakaa kimya. Na afadhali angekaa kimya tu! Akashona. Upande wa kushoto wa bukta ya Springi akaweka bitana nzito ili ujae kama wa kulia. Akaishusha mpaka chini ya goti. Kisha, ili isionekane peke yake, akazishusha za timu nzima.

Wasichana wakashangilia kwamba sasa ndio wamekwenda na wakati. Kocha mwenyewe alipita kibandani kumshukuru.

"Mama, mwaka huu umetupendezesha kweli."

Kipaza akacheka kidogo, akainamia cherehani. Tangu siku hiyo sindano ikikatika alishtuka. Simu ikiita alishtuka. Akawasikia wateja wakisema mficha maradhi kifo humfichua, methali ambayo yeye mwenyewe alipenda kuwapiga nayo watu, na akajifanya anatafuta mkasi. Mara mbili alifunga kibanda aende kwa kocha, na mara mbili akaishia langoni, akijiambia kwamba huenda goti limeshapungua.

Mechi ya kwanza ukumbi ulijaa. Kipaza aliketi na wenzake upande wao wa siku zote, ambako akianza neno hulimalizi kulisikia kabla safu nzima haijalidaka. Safari hii hakuanza lolote.

"Koo limekauka?" jirani yake alimtania. "Kunywa maji, tunakutegemea."

Springi alicheza kwa kujikaza. Alifunga, wakaruka juu. Alifunga tena. Timu ikaongoza, jambo ambalo Kipaza alikuwa ameliombea tangu msimu uliopita, na sasa kila kikapu kilimzidishia woga, maana kilimbakiza binti uwanjani. Yeye hakuutazama mpira. Alitazama bukta moja tu, ile aliyoikata kwa mikono yake, jinsi ilivyokaa vizuri isimwonyeshe mtu kitu. Ndipo yule mrefu wa wapinzani akapanda juu, na Springi akakunja miguu, akaruka kumfuata. Akatua kwa mguu mmoja. Akayumba, akauma midomo, akakimbia.

Hakuna aliyeona. Kipaza akasimama.

"Mtoe!" alipaza sauti. "Kocha, mtoe Springi!"

Safu ikamdaka kama ilivyozoea, bila kuuliza. "Mtoe! Mtoe!" Upande mzima ukaitikia kwa makofi, na Springi, aliyekuwa anaongoza kwa vikapu, akasimama katikati ya uwanja akitazama juu kumtafuta aliyeanzisha. Sauti ile aliijua toka utotoni.

Kocha alimtoa, akiwa haelewi. Kipaza akashuka ngazi akikanyaga watu miguu, akafika benchi akihema.

"Mpandishe bukta umwone. Mimi ndiye niliyekuficha."

Kocha akapandisha, akabonyeza. Springi akauma taulo, lakini sauti ilimtoka. Kocha akamkata Kipaza jicho. Akaita mwenye barafu.

"Umenifukuza mbele ya watu wote," binti alisema, machozi yakimtiririka. "Wewe!"

"Nimekufukuza, mwanangu. Nilichelewa tu."

Springi akageuza uso. Kipaza akapiga magoti sakafuni, akauchukua ule mguu akauweka mapajani mwake, akaushikia barafu kwa mikono miwili. Binti hakumsogelea, wala hakuuondoa mguu. Nyuma yao ukumbi ulilipuka kwa kikapu, na Kipaza hakugeuka kutazama kilikuwa cha nani.