Misumari Saba ya Kodi

Nilikuwa fundi cherehani pale Rwezamenyo, na kama mafundi wote nilikuwa mwongo wa kuaminika. Mteja akileta kitambaa, nilimwambia aje Ijumaa. Yeye alijua kwamba Ijumaa nguo haitakuwa tayari, mimi nilijua kwamba anajua, na tuliagana kwa heshima zote. Jumanne alikuja, akanikuta nashona vifungo, akakaa kwenye benchi akasubiri. Ahadi ni deni, wanasema watu, lakini waliosema hivyo nadhani hawakuwahi kupeleka suruali kwa fundi.

Ukutani nyuma ya cherehani nilikuwa nimepigilia misumari saba, mmoja kwa kila siku ya juma. Nguo ikishakatwa, niliibania kwa pini kikaratasi chenye siku niliyomwahidi mwenyewe, kisha nikaitundika. Siyo kwenye msumari wa siku hiyo, hapana. Niliitundika kwenye msumari wa siku nitakayoimaliza kweli. Kikaratasi kinasema Ijumaa, msumari unasema Jumanne. Kikaratasi ni cha mteja, msumari ni wangu. Baba alinifundisha kazi hivyo, na mkono wangu ulifanya hivyo bila kuniuliza.

Sasa, katika miaka ile ya mwanzo wa tisini, sisi wenye biashara ndogo tulikuwa na mabwana wawili. Kulikuwa na komini, yaani serikali ya mtaa, iliyotaka patanti, ile ruhusa ya kufanya biashara, pamoja na vibali vya kila aina. Halafu kulikuwa na serikali kuu, ambayo ofisi yake ya kodi ilikuwa kule mjini na ilitaka fomu juu ya fomu. Kila bwana alikuwa na tarehe zake, na hata siku moja hawakuwahi kuulizana. Unatoka kwa huyu jasho likikutiririka, unakuta barua ya yule chini ya mlango.

Mimi nilikuwa nimesoma miaka miwili ya sekondari na nilijua Kifaransa cha kutosha kusoma muhuri. Hilo lilinipandisha kichwa vibaya sana. Nilitangaza kwa majirani kwamba anayeshindwa kufuata tarehe zake aniletee karatasi. Nilizihifadhi ndani ya kopo la biskuti, na kila Jumamosi nilitoa zile za juma linalofuata, nikazibania vikaratasi na kuzitundika misumarini, katikati ya magauni na kanzu. Watu walipita, wakatazama ukuta wangu, wakasema, "Huyu fundi ana akili." Nami nilinyanyua kidevu na kutafuta mkasi niliokuwa nimeukalia.

Mwaka wa kwanza fomu yangu mwenyewe ya serikali kuu niliipeleka ikiwa imechelewa siku tatu. Nilikuwa nimeitundika, kwa mazoea, kwenye msumari wa siku tatu mbele. Njiani nilisimamishwa kwenye vizuizi viwili nikatoa kitambulisho, nikiogopa askari na tarehe kwa pamoja. Karani alipiga muhuri bila hata kuinua macho. Mtu mwenye busara angeshukuru Mungu akanyamaza. Mimi nilirudi na falsafa. Niliwaambia majirani kwamba serikali nayo ni fundi tu: ile tarehe wanayoandika ni ya mteja, ya kweli wameitundika kwenye msumari wao huko ndani. Walicheka sana, nami nikairudia kila alipokuja mtu mpya.

Ng'ambo ya barabara, kwenye kona inayotazama msikiti, alikaa mama mmoja mjane aliyekaanga mandazi. Alikuwa na kona ile tangu mimi nikiwa mwanafunzi wa baba. Wanaotoka kusali Ijumaa ni lazima wapite mbele ya karai lake, na Ijumaa moja ilimlisha yeye na wajukuu wawili karibu juma zima. Kibali cha kona kilitoka komini, na kila mwaka ilikuwa lazima akiombe upya kabla ya siku fulani. Siku ikipita, kona anapewa anayefuata kwenye orodha. Yeye hakujua kusoma. Karatasi yake aliniletea mimi, ikiwa imekunjwa vizuri na ina doa moja la mafuta.

Jumatano moja asubuhi alivuka barabara akaja mlangoni kwangu. Alikuwa ameshavua aproni, na amejifunga kitenge cha kutokea. Kwenye benchi walikaa wateja wawili.

"Fundi, leo si ndiyo siku ya karatasi yangu?" aliuliza. "Yule wa komini aliniambia ni Jumatano."

Niligeuka nikaangalia ukuta. Karatasi yake ilining'inia kwenye msumari wa Ijumaa.

"Iko kwa Ijumaa, mama."

"Ariko, lakini yeye alisema Jumatano. Mi nakumbuka, alisema mbili mara."

Hapo ndipo nilipocheka. Niliwatazama wale wawili wa kwenye benchi ili nao wacheke, na walicheka. "Mama, Jumatano ni ya kutisha watu," nilisema. "Nani kati yetu amesoma?"

"Ni wewe, mwanangu."

Akarudi ng'ambo, akavaa aproni yake. Kutoka pale hadi komini ni mwendo wa dakika kumi kwa miguu, na kumi na tano kwa mama wa umri wake.

Ijumaa asubuhi nilivaa koti langu la kaki nikampeleka mwenyewe, maana nilipenda kuonekana nikisaidia. Mkaguzi wa komini alikuwa mtu mwembamba, mpole, anayetujua sote kwa sura na kwa milango ya maduka yetu. Aliipokea karatasi, akaiangalia, kisha akaangalia kikaratasi kilichobanwa juu yake kwa pini yangu.

"Hapa wameandika Jumatano," alisema. "Nani aliandika hii?"

Nilikisogelea. Ulikuwa mwandiko wangu, mzuri, wenye mikia: Jumatano. Nilikuwa nimeisoma tarehe sawasawa, nikaiandika sawasawa, halafu mkono wa fundi ukaitundika siku mbili mbele. Na siku mama alipokuja kuniuliza, mimi msomi nilitazama msumari, sikusoma karatasi.

"Ni mimi," nilisema.

"Basi ulijua."

Nilijaribu Kifaransa. Nilijaribu "tafadhali mkubwa" mara nne, na mara ya tano nikaongeza kwamba kosa ni langu, si la mama, anifungie mimi duka. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo lililozidi kuniumiza. Bwana wa mbali angeweza kupiga muhuri bila kututazama. Huyu wa karibu alikuwa anapita kwetu kila siku kwa miguu, na orodha yake ilikuwa na watu wanaomngoja wakihesabu siku.

"Kona nilishapatia mtu jana," alisema. "Ningefanya nini, mama? Siku ilipita na sikukuona."

Mama alimshukuru. Njiani hakunitukana, ingawa nilitamani anitukane. Tulipofika karibu na msikiti alisema neno moja tu: "Unga nimeshaukanda."

Adhana ya Ijumaa ilikuwa bado. Nilihamisha benchi la wateja, nikambebea karai, jiko na beseni la unga, nikampa nusu ya baraza yangu. Ng'ambo, kwenye kona yake, jamaa mmoja alikuwa anapanga kaseti juu ya meza. Watu walipotoka kusali walipita upande ule, kama walivyozoea, na kwetu walivuka wachache. Beseni la unga lilibaki zaidi ya nusu. Niliona aibu hata kula andazi alilonipa, lakini nililila, kwa sababu kukataa ingekuwa aibu ya pili.

Tangu siku hiyo mama alikaa barazani kwangu. Moshi wake uliingia kwenye kila nguo, na bwana harusi mmoja alilalamika kwamba ameoa akinuka mandazi. Nilimwambia ashukuru, wengine wanaoa wakinuka madeni. Lakini adhabu yangu halisi ilikuwa nyingine. Kila mteja aliyetoka ndani na ahadi yangu mkononi alikutana naye mlangoni.

"Amekuambia lini?"

"Ijumaa."

"Oya, siyo. Njoo Jumanne."

Aliwaambia bila ubaya, huku akigeuza mandazi. Katika miezi mitatu hakuna aliyeniamini tena katika Rwezamenyo nzima, na ajabu ni kwamba kazi iliongezeka.

Ningependa kusema kwamba nilibadilika mara moja. Mwaka uliofuata nilipigilia msumari wa nane, karibu na mlango, wa karatasi za kodi peke yake, na bado mkono wangu ukawa unazipeleka kwenye ile saba ya zamani. Aliyenifuatilia ni mama wa mandazi. Kila nilipofungua barua alinifanya niisome kwa sauti, na siku niliyoitaja aliishika kichwani, yangu na yake, za komini na za serikali kuu. Asubuhi ya siku yenyewe aliacha karai akasimama mlangoni: "Fundi, ni leo." Nami niliweka mkasi chini nikaenda, bila kuangalia ukuta. Hatukuchelewa tena. Ombi la kona yake nilikuwa wa kwanza kulifikisha mwaka ule, na jibu lilikuwa kwamba mwenye kaseti naye ameomba upya kabla ya siku, kwa hiyo kona inabaki kwake.

Siku nilipomletea jibu hilo nilimuuliza swali lililokuwa limenikaa kooni mwaka mzima. Yeye alikumbuka Jumatano. Alikuwa ameshavaa kitenge cha kutokea. Kwa nini hakuniacha na misumari yangu akaenda?

Alipangusa mikono yenye unga, akafikiri.

"Ulicheka," alisema. "Mtu akikucheka mbele ya watu, unadhani yeye ndiye anajua."