Samaki wa Ziwani Nyumbani kwa Havyarimana

Havyarimana alikuwa msafishaji wa maabara katika shule moja ya sekondari huko Kasulu. Alizaliwa Rumonge, Burundi, kando ya Ziwa Tanganyika, akakimbilia Tanzania na mkewe Esteri mwaka 1972. Miaka minne baadaye alijiundia tangi kwa vioo vya madirisha chakavu, akaziba viungo kwa lami, akapanda lori hadi Kigoma na kurudi na ndoo yenye samaki tisa wadogo wa mistari.

Wiki moja tu, wakabaki sita.

"Samaki wa ziwani hawaishi milimani," majirani walimwambia. "Wakaange wangali wazima."

Hakuwakaanga. Alichota chupa mbili, moja ya maji ya ziwa yaliyobaki ndooni, nyingine ya maji ya tangi, akazipeleka kwa Mwanaamina, mwalimu wa kemia aliyehamishiwa pale kutoka Tanga. Mwalimu akachovya karatasi za kupimia tindikali. Ya ziwa iligeuka buluu, ya tangi ikawa nyekundu, rangi ya tindikali.

"Maji ya vijito vya huku hayana chokaa, Mzee," alisema. "Samaki wakipumua, tindikali inaongezeka, na hakuna cha kuizima."

"Ni nini kinachoizima, Mwalimu?"

"Hata magadi."

Magadi! Esteri alikuwa nayo jikoni, ya kulainishia maharage. Havyarimana akatia tangini kiganja kizima cha magadi. Maji yalibadilika ghafla mno, na kabla jua halijazama samaki watatu walikuwa wameelea tumbo juu. Siku mbili hakulisogelea tangi.

Esteri ndiye aliyemuuliza, "Kwani kule kwetu hawa walikaa wapi? Si kwenye makome? Wewe umewawekea mchanga wa mtoni."

Havyarimana akarudi Kigoma, akaleta gunia la makome matupu, yale maganda magumu ya konokono wa ziwani, akayatandaza chini ya tangi. Magadi sasa aliyakoroga pembeni, chembe chache kwenye ndoo, akabadilisha maji kidogo kidogo. Kila asubuhi alichovya karatasi. Buluu. Kesho yake buluu. Mwezi mzima, buluu.

"Tindikali ikizidi, kome linayeyuka kidogo na kuizima," Mwalimu Mwanaamina alimweleza alipokuja kutazama. "Ikiisha, linatulia."

Siku moja Esteri akapiga kelele: "Mana yanje! Mungu wangu, njoo uone!" Vifaranga wa samaki kama punje za ulezi walikuwa wakichungulia midomoni mwa makome.

Habari zikaenea, na mkaguzi wa elimu alipofika shuleni akampongeza Mwalimu Mwanaamina mbele ya darasa la kidato cha tatu.

"Si kazi yangu," alijibu. "Mwulize huyu."

Havyarimana aliegemeza ufagio ukutani. Kwa nusu saa, kwa Kiswahili chake chenye lafudhi ya Kirundi, aliwaeleza wanafunzi kwa nini maji huwa makali na namna ya kuyatuliza. Hakuna aliyecheka. Walikuwa wakiandika.

Alhamisi iliyofuata wanafunzi kumi na wawili walikwenda nyumbani kwake na madaftari. Esteri ilimbidi aazime mabenchi kanisani.