Walivyoisingizia Tumbaku

Epifania alikuwa mwanamke wa kusema. Huko Ushirombo alikozaliwa, mama yake alimwonya kwamba mdomo ule ungemrudisha nyumbani kabla ng'ombe wa mahari hawajazaa. Haukumrudisha. Aliolewa na Kalisti, mkulima wa tumbaku wa Ushetu, akakaa miaka bila kushika mimba, na watu wa kijiji wakaanza kumnong'oneza mumewe atafute mwanamke mwingine. Aliyewafunga midomo ni mama mkwe, Bi Theopista. Kikongwe yule aliwaambia hadharani, baada ya misa, kwamba mkwe wake ni huyo huyo, na mwenye hamu ya harusi akaoe yeye. Tarsisi alipozaliwa hatimaye, Epifania alikuwa amekwisha kuamua moyoni kwamba mkwe huyu ni mama yake wa pili, na atakayemdhuru wataonana.

Basi Julai ya mwaka 1976 mama huyo alidhuriwa, tena na watu waliojiita wenye akili.

Julai ni mwezi wa kuchambua tumbaku. Majani yaliyokaushwa hulainishwa kwa unyevu yasivunjike, mlango wa banda hufungwa ili upepo wa kipupwe usiingie, na watu hukaa humo bega kwa bega wakipanga majani kwa madaraja. Majirani husaidiana, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Vumbi la tumbaku huwasha pua na koo, kwa hiyo kila mtu anapiga chafya na kukohoa na hakuna anayejali. Siku jirani yao Athanas alipoingia amejifunika blanketi, anatetemeka, macho mekundu, walimcheka kwamba tumbaku imemshinda mwanamume mzima. Naye hakuthubutu kurudi kulala, maana asiyefika bandani huitwa mvivu, na mvivu hasaidiwi zamu yake ikifika. Akakaa katikati yao, akakohoa bila kuziba mdomo, akanywa maji kwa kopo lile moja la mtungini, akampokeza wa pili.

Epifania alimtazama, akachukia. Alikuwa ameichambua tumbaku miaka yote ya ndoa yake na alijua inavyomkohoza mtu. Ukitoka nje ukavuta hewa, inatulia. Jumapili ukikaa nyumbani, huna kitu. Haimchomi mtu mwili wala haimvunji viungo. Aliyasema hayo yote mbele yao, akasema Athanas ana mafua makali, aende akalale, na mlango ufunguliwe. Kalisti akamjibu kwamba mlango ukifunguliwa majani yatakauka na kuvunjika, daraja litashuka, na je, Mama Tarsisi ndiye atakayekwenda kuwaeleza wanunuzi? Watu wakacheka tena. Wana akili ya kulinda jani, hawana akili ya kumlinda mwenzao!

Athanas alianguka, ndipo wakakubali kwamba anaumwa, lakini eti anaumwa tumbaku. Baada yake wakafuata wengine, banda zima. Kalisti naye akarudi nyumbani mwili unawaka, akaenda moja kwa moja jikoni kula na mama yake sahani moja kama alivyozoea. Epifania akamtengea chakula chake barazani, akamsihi asimsogelee mama mpaka apone. Kalisti akaona ametengwa kama mwenye ukoma. Akauliza ni nani wa kumkataza kula na mama aliyemzaa, akanawa, akaketi.

Hazikupita siku nyingi Bi Theopista akaanza kukohoa. Bandani alikuwa hajatia mguu mwaka ule, magoti hayakumruhusu. Epifania akamwuliza mumewe kwa sauti ya chini, iliyokuwa mbaya kuliko kelele.

"Na huyu, Baba Tarsisi, amechambua tumbaku gani?"

Kalisti akasema labda ni harufu iliyoganda kwenye nguo zao. Mwanamume mwenye ndevu alisema hivyo, tena bila haya.

Epifania hakupoteza muda kumjibu. Alifungua dirisha la chumba cha mama, akampa kikombe ambacho hakuna mwingine aliyekigusa, akamhamisha Tarsisi aliyezoea kulala na bibi yake. Alinawa mikono kwa sabuni kila alipotoka kumhudumia, akamnywesha uji mwepesi na maji kidogo kidogo. Homa ikapungua, wakapumua. Kisha ikarudi ghafla. Kikongwe akawa anahema haraka haraka, kifua kinamchoma, na akamwita Epifania kwa jina la dada yake mwenyewe aliyekufa zamani. Epifania akakimbilia bandani kumwambia mumewe kwamba mama apelekwe zahanati ya misheni sasa hivi. Kalisti akasema kesho. Leo ilikuwa zamu yake, majirani wote walikuwa kwake, angewaachaje?

Baiskeli ya Kalisti haikuwahi kushikwa na mwanamke. Epifania aliitoa ukutani, akamkalisha mama mkwe kwenye keria, akamfunga kwa kanga mbili, akaanza kuisukuma katikati ya kijiji, mbele ya mabanda yote. Watu walitoka kuchungulia, huku wanakohoa. Mmoja akauliza kama huko nyumbani hakuna mwanamume. Epifania alisema yupo, anapanga majani.

Kalisti alimfikia nje ya kijiji, anahema, akanyoosha mkono ashike usukani.

"Unakohoa," alisema mkewe. "Kaa nyuma."

Akakaa nyuma. Njia nzima alifuata kwa mbali, na kila alipoharakisha, Epifania aligeuka akamtazama.

Mganga wa zahanati alimsikiliza mgonjwa kifua, akasema mafua yameshuka mapafuni, akamchoma sindano. Aliuliza kwa nini wazee huletwa wakati wamekwisha kuzidiwa. Wangengoja kesho, alisema, asingeahidi kitu. Epifania alimwachia mumewe swali hilo ajibu mwenyewe.

Kesho yake jioni Bi Theopista alifumbua macho, akawatambua wote wawili. Epifania alikuwa ameketi kitandani kando yake. Kalisti alisimama mlangoni alikoamriwa.

"Mayu, mama yangu, unajisikiaje?" aliuliza Kalisti.

Kikongwe alimgeukia mwanawe.

"Tumbaku mmemaliza?"

Kalisti hakujua kumdanganya mama yake. Alisema bado kidogo.

"Basi rudi ukamalize," alisema Bi Theopista, akaushika mkono wa Epifania. "Mimi nina mtoto wangu hapa."

Kalisti alibaki pale mlangoni, ameinamisha kichwa, na Epifania hakumwonea huruma hata kidogo.