Rangi ya Fedha Kwenye Mabomba ya Kinanda

Kuna tabia yetu moja inanichefua: tukisikia mgeni rasmi anakuja, tunapaka rangi. Tunapaka mawe ya barabarani, mashina ya miti, mlingoti wa bendera, chochote kisichoweza kukimbia. Mwaka jana kanisani kwetu Kisarawe, njia ya kwenda Mzenga, walipaka rangi kinanda.

Sisemi hivi vya umeme vinavyouzwa Maili Moja ninakoishi. Hiki ni kinanda cha mabomba, kirefu kuliko mlango, kilicholetwa na wamisionari kwa meli na kupandishwa vilima vya Kisarawe mabegani mwa watu. Wengi wa wabebaji hao walikuwa Waislamu wa palepale, na hilo sijaliona katika historia yoyote ya kanisa niliyopewa kusoma. Mchwa walitafuna sanduku lake, likachongwa jingine la mninga. Mfuko wa ngozi unaosukuma hewa ulipopasuka, wamisionari walikuwa wameshaondoka. Aliyeushona upya kwa ngozi ya mbuzi ni jirani yetu, fundi viatu, Mwislamu wa swala tano. Tangu hapo hakumwamini mtu mwingine na mfuko wake. Kila Jumapili alikaa nyuma ya kinanda akisukuma mpini, na ibada ikiisha alimtania baba kwamba bila yeye Wakristo wote wangekuwa mabubu.

Baba ndiye aliyekuwa mpigaji. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na alikipiga kinanda hicho tangu kabla sijazaliwa, mpaka kiharusi kilipomlegeza upande wa kulia. Wazee wa kanisa wakasema wamempumzisha. Baba hakupumzika hata siku moja. Mwaka mzima alikunja na kukunjua vidole, akapiga nyimbo zake juu ya meza ya chakula, na kamati ya jubilei ya kanisa ilipoundwa aliomba kitu kimoja tu: apige wimbo wa kwanza siku hiyo, watu wajue bado anaweza. Mwenyekiti wa kamati, ambaye baba ndiye aliyemfundisha kusoma, alikubali kwa shingo upande.

Mwenyekiti huyo ana ghala Zegereni, na alibakiwa na rangi ya fedha aliyopakia mageti. Wiki ya jubilei akaileta, pamoja na mashine ya kupulizia. Hakuna aliyeulizwa. Baba alipokwenda Jumamosi kujaribu kinanda, aliambiwa asikiguse, rangi haijakauka.

Jumapili kanisa lilijaa, mgeni rasmi akakaa mbele. Baba akajivuta hadi kwenye kiti, akabonyeza. Kikatoka kitu kama pumzi ya mtu mwenye pumu. Akabonyeza tena. Bomba moja likalia kama mbuzi, mengine kimya. Watu wakacheka. Si wote, lakini walicheka, na mimi niliwaona. Mwenyekiti akachukua kipaza sauti.

"Tumshukuru mzee wetu kwa kujaribu. Mikono imeshachoka, tumwache apumzike."

Wakapiga makofi. Kwaya ikawasha kinanda cha umeme, na baba akatoka nje kwa mlango wa pembeni.

Niliinuka nimfuate. Fundi viatu akanishika mkono, jasho linamtiririka.

"Upepo ninao, mwanangu. Mpini mzito, hausogei, kwa sababu upepo haupati pa kutokea. Baba yako hana kosa. Tazama mabomba."

Ibada ilipoisha nikayatazama. Kila bomba lina mwanya mwembamba sana mdomoni, na hewa ikipita hapo ndipo sauti inapozaliwa. Nikapitisha ukucha. Mwanya ulikuwa umezibwa na rangi iliyokauka. Nikajaribu la pili, la tatu, la kumi, yote vilevile. Nikamwita mwenyekiti, nikamwonyesha. Alitazama vizuri tu, akaelewa, kisha akaniomba nisiharibu siku, mgeni anakula pilau. Nikamwambia achukue kipaza sauti kilekile aseme ukweli. Akasema kinanda chenyewe ni cha kizamani, kwa nini nikuze mambo. Sioni haya kusema kwamba nilimwita mwongo mbele ya mkewe.

Nyumbani nilimkuta baba sebuleni, ameikalia mikono yake. Nikamweleza yote. Akauliza kama nina uhakika, nikamwonyesha rangi iliyoganda chini ya ukucha wangu. Akautoa mkono wa kulia, akautazama muda mrefu.

"Kwa hiyo si mikono yangu."

Kisha akalia. Sikuwahi kumwona akilia, hata siku tulipomzika mama.

Rangi naweza kuisamehe, ujinga ni ujinga. Mimi na fundi viatu tumeshazibua mabomba mengi kwa sindano zake za kushonea viatu, na yanalia. Lakini baba hakikalii kile kiti mpaka aliyemtangaza vile aje atangue maneno yake mbele ya watu walewale, nami namuunga mkono. Mwenyekiti hupita mbele ya nyumba yetu kila Jumapili, hupunguza mwendo wa gari, hushusha kioo na kusema shikamoo mwalimu. Baba, ambaye maisha yake yote ameitikia marahaba kwa kila mtoto wa kijiji kile, humtazama tu mpaka kioo kipandishwe.