Shemeji Valentino Alivyoshusha Boti Igombe

Dada yangu Consolatha aliolewa na mwanamume ambaye hajawahi kukosea. Yaani ukimsikiliza mwenyewe. Valentino alikuwa karani wa ghala la tumbaku kwa miaka ishirini na saba, na kwa miaka yote hiyo kila robota lililooza lilikuwa kosa la mlinzi, au la mvua, au la panya.

Alipostaafu, wenzake walijenga vyumba vya kupangisha. Yeye alikwenda Mwanza akarudi na boti ya faiba, nyeupe, yenye injini ndogo nyuma, imelala juu ya tela la magurudumu mawili. Boti, Isevya! Mtaa ambao kiangazi hata mtaro hauna maji. Akaiegesha mbele ya nyumba miezi mitatu. Akanunua kofia yenye picha ya nanga, akaanza kuitikia jina la Kapteni, ambalo hakuna aliyempa.

"Nitapeleka watalii bwawani Igombe," alituambia.

"Watalii gani, shemeji?" nilimuuliza.

"Wewe Josepha huna upeo."

Siku ya kuishusha majini ilikuwa Jumamosi, asubuhi. Alitualika kama wa harusini. Nilikwenda kwa ajili ya dada, na kwa sababu mdogo wetu Kornel alikubali kusaidia kazi. Kornel ndivyo alivyo, ukimwita anakuja. Alikuwapo pia jirani yetu Gaudensia, dereva wa trekta, ambaye tangu ana miaka kumi na tisa anavuta matela ya tofali na mpunga kati ya Igalula na Igunga.

Valentino akapanda pikapu, akaanza kurudi nyuma. Sasa, tela hukataa usukani: ukirudi nyuma huku umekata kulia, lenyewe linakwenda kushoto. Kila mtu pale alilijua hilo isipokuwa Kapteni. Mara ya kwanza tela likajikunja likakwaruza ubavu wa gari. Mara ya pili likaingia kwenye matete. Mara ya tatu alishuka akalitazama kama limemtukania mama yake.

Gaudensia akamsogelea kwa adabu. "Shikamoo, Baba Hilari."

"Marahaba."

"Ungeniachia usukani dakika moja tu..."

"Hii ni boti, mama. Si tela la matofali."

"Boti iko juu, Baba. Chini ni tela."

Watu wakacheka. Mimi nilicheka kuliko wote, sikuona sababu ya kujizuia.

Mara ya saba likanyooka, kwa bahati tu, na magurudumu yakaingia majini. Kornel akavua shati, akaingia mpaka kiunoni, akafungua mikanda iliyofunga boti, akasimama nyuma ya tela ameshika kamba. Mwenye akili, hapo, huvuta breki ya mkono, huacha gari kwenye gia, na huzuia magurudumu kwa mawe, maana ule mteremko ni tope tupu. Gaudensia alikwisha kubeba jiwe. Valentino alishuka akaacha gari linaunguruma na mlango wazi, akavua viatu vyake vipya vya ngozi visije vikalowa, akampa dada simu ampige picha.

Gari likaanza kurudi. Wala halikuwa na haraka. Ungeweza kulifikia kwa kutembea. Tela likapinda, gurudumu likampanda Kornel mguu na kumkandamiza kwenye tope, maji yakamfika kidevuni.

"Shemeji! Breki!" nilipiga kelele.

Shemeji alikuwa karibu na mlango kuliko sisi sote. Hatua nne. Alikimbia, kweli, lakini kuelekea kwenye tuta. Akapanda mpaka juu, viatu mkononi.

Gaudensia alitupa jiwe, akajirusha ndani ya pikapu, akakanyaga breki, akatia gia ya kwanza, akavuta polepole mpaka gurudumu likamwachia Kornel. Tukamburuta hadi ukingoni. Mguu ulikuwa umevunjika chini ya goti. Nililia kwa hasira, si kwa huruma. Huruma ilikuja baadaye. Tukampakia kwenye gari la mtu, nikaondoka naye kwenda hospitali.

Niliyoyakosa alinisimulia dada. Boti ilikuwa imeelea peke yake, kisha ikaanza kuzama upande wa nyuma, kwa kuwa kizibo cha tundu lake la chini kilikuwa mfukoni mwa Kapteni. Gaudensia alirudisha tela majini kwa safari moja tu, limenyooka kama rula. Akaingia na nguo zake, akaivuta boti kwa kamba, akailengesha juu ya tela, akaitia ndoano mbele, akazungusha mkono wa winchi mpaka ikakaa. Alipoipandisha nchi kavu, maji yaliitoka kwa nyuma kama ng'ombe anakojoa. Muda wote huo mwanamume alikuwa juu ya tuta anapiga kelele, "Kushoto! Kushoto!"

Kornel alilala na plasta miezi miwili. Valentino alikuja kumtazama mara moja, na machungwa mawili, akalalamikia mikwaruzo ya pikapu.

Lakini kilichonimaliza ni jumuiya. Tulikutana kwa sala nyumbani kwa Mama Yustina, na ulipofika wakati wa kushukuru, Valentino akasimama. Akamshukuru Mungu kwa kumpa ujasiri wa kuruka ndani ya gari na kumwokoa shemeji yake. Gaudensia alikuwa amekaa pale pale mkekani. Mimi nilifungua mdomo, ila dada alinitangulia.

Consolatha, ambaye kwa miaka thelathini sikuwahi kumsikia akimkatiza mumewe, alisema bila kupandisha sauti, "Valentino, wewe ulikuwa juu ya tuta. Umeshika viatu."

Mama Yustina akaguna, na mtu wa nyuma akashindwa kuzuia kicheko.

Valentino akatoka kabla ya sala ya mwisho. Boti aliiuza kwa kikundi cha wavuvi, na wao humwita Gaudensia kila wanapotaka kuishusha au kuitoa. Valentino mwenyewe amehamia jumuiya ya mtaa wa pili. Nasikia huko ameshasimulia tena, na safari hii majini alikuwamo kiboko. Dada hajaenda kumsahihisha. Anasema amechoka, na mimi namwelewa.