Bilauri ya Kumi na Mbili

Siku ile tulikuwa watu saba nyumbani kwa mzungu mwenye shamba la mpira, chini ya milima ya Uluguru: Bwana mwenyewe, Bibi mkewe, mgeni wao aliyekuwa afisa wa boma la Morogoro, mpishi wa Kinyamwezi, mdogo wangu wa kike aliyetuletea maji ya mtoni, na mimi, mwosha vyombo. Wa saba alikuwa askari wa afisa, aliyebaki uani na kiboko chake.

Baba alitangulia, mama akamfuata, nami nikaacha shule ya misheni kabla sijamaliza kitabu cha pili. Mjomba alisema waziwazi: nikikosa kazi, wadogo zangu watatu atawagawa, mmoja Turiani, mmoja Mikese, mmoja abaki kwake. Basi niliishika kazi ile kama mtu aliyeshika mzizi ukingoni mwa genge.

Bibi alikuwa na bilauri kumi na mbili za miguu. Alizitia maji, kila moja kwa kipimo chake, akalowesha kidole na kukizungusha ukingoni. Bilauri ikalia. Mara ya kwanza nilitoka mbio, nikidhani ni marehemu anaita. Baadaye alinieleza: kidole kisicho na mafuta hushika kioo na kukiachia, hushika na kukiachia, upesi upesi, mpaka kioo chote kitetemeke. Hata maji niliyaona yakifanya vikunjo. Maji mengi, sauti nzito. Maji machache, sauti nyembamba. Ile ndogo kuliko zote ndiyo iliyofika sauti ya juu, na haikuwa na mwenzake.

Asubuhi ya kuja mgeni ukungu ulishuka mpaka mlangoni. Kwetu ngoma ikipata baridi hulala. Haipigwi mpaka ipashwe moto. Niliogopa bilauri nazo zitalala mbele ya afisa, na lawama iwe yangu. Nikaanza na ile ndogo. Niliiweka kando ya makaa, ikapata joto, nikaimiminia maji ya mtoni.

Ta! Ufa ulishuka kutoka ukingoni hadi mguuni.

Mpishi aligeuka. "Mtani, umefanya nini?"

"Nimeipasha moto, ilie vizuri."

"Kwani imewambwa ngozi ya mbuzi?" Kisha akaniona nimeuegemea ukuta. "Mluguru wewe, ukiteremka bondeni unatembea umeshika ukuta. Simama wima!"

Jibu lilinitoka kwa mazoea tu. "Na wewe uliyebeba pembe za ndovu mpaka shingo ikazama?"

"Ndiyo shingo hiyo hiyo. Imezoea mizigo. Wewe nyamaza."

Bibi aliingia, akaona. "Nani?"

"Mimi, Bibi," alisema mpishi.

Bibi alisema kwa sauti ndogo kwamba basi, yaishe. Lakini afisa alikwisha kusimama mlangoni. "Hamsa ishirini," alisema, yaani viboko ishirini na vitano, akamwita askari.

Nilijua ni wakati wa kufungua kinywa. Niliwaona wadogo zangu wakiondoka, kila mmoja na njia yake. Sikukifungua.

Bibi alikaa mezani akaanza kuzipiga zile kumi na moja, nadhani ili asisikie ya uani. Kila wimbo ulipotaka ile sauti ya juu, kidole chake kilisita penye pengo, na kiboko kikasikika. Mdogo wangu aliniuliza, "Kaka, mbona wanampiga yeye?" Nikamziba mdomo kwa kiganja.

Jioni nilimpaka mpishi mafuta ya nyonyo mgongoni, nikamwuliza nitamlipa nini.

"Usinishukuru, mtani. Siku ya matanga yangu uje. Uvae nguo zangu, unitukane vizuri, uwachekeshe wafiwa. Usipokuja, nitakufuata."

Vita vya wazungu vilipofika, mpishi alichukuliwa kubeba mizigo ya jeshi kwenda kusini. Hakurudi. Wadogo zangu walikulia nyumba moja, wote watatu. Kila mpagazi aliyerudi nilimwuliza kama anajua mpishi yule alizikwa wapi, na hakuna aliyejua. Matusi aliyonidai ninayo, nimeyatunza miaka yote hii. Matanga yake bado sijayafanya.