Ufizi wa Mama Pindo

Dukani kwa Mama Pindo, fundi cherehani, mlikuwa na mikasi ya kila namna, lakini uzi aliukata kwa meno. Meno, alisema, hayapotei chini ya vitambaa. Kumbe hupotea. Jino la mbele lilipomtoka akapandikiziwa jingine, lenye skrubu ya chuma ndani ya taya, na kidonda kilipopona tu akarudia yale yale. Mazoea yana taabu.

Binti yake ndiye aliyeona kwanza.

"Mama, hebu cheka. Mungu wangu! Chuma hicho!"

Ufizi ulikuwa umepanda ukaiacha skrubu wazi. Daktari wa meno, kijana mpole, hakuzunguka: isipofunikwa, jino litalegea na kung'oka. Njia zipo zaidi ya moja, ila kwake bora kukata kipande chembamba cha nyama ya kaakaa na kukishona pale.

"Unikate huku unishone kule?" Mama Pindo aliduwaa. "Mwanangu, hicho si kiraka?"

"Kiraka hasa, mama. Na usiume kitu kwa meno ya mbele mpaka nikwambie."

Akashonwa, akavumilia, akawa anaongea kwa ishara. Halafu bibi harusi akaja kuchukua gauni lake, akasimama mlangoni anatazama saa, na umebaki ushanga mmoja tu wa kushona. Mkono wa Mama Pindo ukapanda mdomoni wenyewe. Uzi ukanasa kwenye nyuzi za daktari, naye akavuta.

Binti alipiga yowe. Mama Pindo hakulia. Alishikwa na bumbuwazi, akitazama nyama yake mwenyewe ikining'inia kwenye uzi mweupe. Mikono yake ilimtisha.

Kliniki, daktari alimchungulia mdomoni.

"Kaakaa lako ni jembamba, mama, halitoi kipande kingine. Iko ngozi iliyosafishwa na kutayarishwa. Ilitolewa kwa mtu aliyekwisha kufariki."

"Ya maiti!" Mama Pindo aliruka kitini nusura aangushe taa. "Mdomoni mwangu? Humu ninamotoa sala?"

"Aliridhia mwenyewe akiwa hai. Au tulitoe jino."

Yale machozi yaliyogoma dukani yakamjia sasa, tena kwa wingi.

"Mtu asiyenijua kanipa chake," akasema, "na mimi changu nimekichana kwa uzi."

Akamfungulia daktari mdomo, kisha akaufumba tena.

"Nishone, mwanangu. Ila mwite binti yangu aje anishike hii mikono."